Wilfred Tansley na Jiwe la Saba

Mwaka umetimia, Wilf, tangu asubuhi ile ya Mei ulipovaa mabuti yako ya mpira, ukakaa kizingitini upumzike kidogo, na hukuinuka tena.

Tangu hapo mimi situlii. Nahamisha viti, navirudisha. Napika chai, naiacha inapoa, naenda kuangalia geti ambalo nimeshaliangalia. Binti yetu Prue anasema, "Mama, keti basi, unanitia kizunguzungu!" Naketi. Dakika mbili tu, nimeshainuka.

Ulipiga kengele za kanisa miaka arobaini. Uliwalimia wajane bustani zao bila kuombwa. Na kila Sikukuu ya Kupaa uliwaongoza watu wa Aldercombe kuzunguka mpaka wa parokia, fito mikononi, mkiyachapa yale mawe kumi na moja ya mpaka ili yasisahaulike. Ramani hukuwa nayo. "Ya nini," ulikuwa ukisema, "na mimi nipo?" Hapo ndipo ulipotukosea, mume wangu.

Maana Machi hii Bwana Crole, aliyenunua shamba la bondeni, alikuja na uzio akaiziba njia ya mkato inayofuata mpaka. Njia yangu ya kuja kaburini kwako! Kwa barabara kuu ni maili tatu, na goti langu unalijua. Kasisi Lavinia alipomwendea alijibiwa, "Kama mpaka wenu unapita hapa, nionyesheni jiwe. Ikifika Sikukuu ya Kupaa hamjaliona, tusisumbuane tena."

Jiwe la saba. Lilishazama ardhini zamani, na aliyejua mahali pa kuchapa ulikuwa wewe peke yako. Mwanetu Jonty alifyeka majani ya kuwasha wiki nzima, mikono ikamvimba, akaambulia bakuli la mbwa.

Mimi jiwe hilo nimelikasirikia miaka hamsini na mmoja. Unakumbuka? Bibi harusi wa wiki tatu, mgeni kutoka parokia jirani, wewe na wapiga kengele wenzako mkanibeba mikono na miguu, mkanigonga makalio juu yake mara tatu, kama mnavyomfanyia kila mgeni. "Haya, Hettie, sasa wewe ni wetu!" Nilikununia siku mbili. Lakini pale juu, ili nisizione nyuso zenu zinazocheka, nilitazama mbali, nikamwona jogoo wa chuma wa mnara wa kanisa anaonekana kama amesimama sawasawa juu ya bomba la moshi la kinu cha kusaga nafaka, kule mbele yake.

Basi wiki iliyopita nikaacha chai mezani. Nikatembea kando ya uzio, mbele, nyuma, mpaka jogoo akapanda juu ya bomba.

"Chimba hapa," nikamwambia Jonty.

"Mama, una uhakika?"

"Makalio yangu hayasahau. Chimba!"

Koleo likagonga: kong! Nililia, Wilf, sikuona haya.

Bwana Crole alikuja, akainama, akalipapasa jiwe. "Haya, mmeshinda," akasema.

"Na wewe si mgeni hapa?" Kasisi akamuuliza kwa upole. Tulimbeba watu wanne, tukamgonga jiweni mara tatu. Alipiga kelele kuliko mimi.

Uzio umeng'olewa. Jumapili nilikuja kwa njia ya mkato, nikakaa kando yako saa nzima bila kuinuka.

Unakumbukwa na mimi mkeo Hettie, wanao Jonty na Prue, mkweo Alban, mjukuu wako Tilda, na wapiga kengele wote wa Aldercombe.

Hatutakusahau kamwe, Wilf. Ila ramani, safari hii, tumeichora.