Karate ya Shangazi

Mpendwa Shangazi,

Kamwene. Najua ungeanza kwa kuniuliza habari za kifua, basi nianze na hicho: kifua kizima. Nakaribia miaka themanini, na leo asubuhi nimepanda mlima wa Kihesa kwa miguu bila kutua. Vijana wawili niliokuwa nao ndio walioomba tupumzike kidogo.

Nilipoletwa kwako, miaka ile ya hamsini, hakuna aliyedhani ningefikia umri wa kuoa. Mama alikuwa amefariki, baba yuko kazini Mbeya, na mimi nilikuwa na pumu iliyonikaba kila baridi ya Juni ilipoingia. Baba alinikabidhi kwako pamoja na blanketi moja. Ulinitazama nikihangaika, ukasema, "Wewe baba, mbona unapumua kama unaiba? Kesho tunaanza."

Sikujua tunaanza nini. Mumeo alikuwa ameshafariki kabla sijafika. Sikumwona hata siku moja. Ulinisimulia kwamba vitani Burma alilinda mateka wa Kijapani, na mmoja wao akamfundisha karate kwa kubadilishana na sigara. Aliporudi Iringa aliifanya kila asubuhi uani, nawe ulikaa kibarazani ukimwelekea, unapukuchua mahindi.

"Hakunifundisha," uliniambia. "Alisema ni mambo ya wanaume. Lakini macho hayana pazia, baba. Mimi napukuchua, naona."

Basi ukajifunga khanga kiunoni, ukasimama pekupeku kwenye umande, ukanionyesha, nami nikikufuata nyuma ya mgongo wako. Kila hatua uliikumbuka kwa kazi uliyokuwa ukiifanya wakati huo: hapa debe lilikuwa nusu, hapa nilikuwa nasimama kuchukua ungo. Hatua moja niliifanya karibu mwaka mzima, unageuka na kurusha mguu pembeni, mpaka siku ulipokumbuka kwamba pale mumeo alikuwa anafukuza kuku tu. Tulicheka mpaka pumu ikanirudia.

Kuhesabu nako tulihesabu kwa Kijapani cha kusikia kwa mbali. Kumi kwao ni "ju". Sisi tukasikia "juu", kwa hiyo kila ngumi ya kumi tuliinua mikono yote juu, wewe na mimi, kama watu wanaorukia embe mtini. Nilikuwa mtu mzima na ndevu zangu ndipo nikajua ile ni namba tu.

Mzee wa kanisa aliyepita kwenye ua alisimama akatushangaa. "Mama, hii ngoma gani tena jamani?"

Ukamjibu bila kuacha. "Dawa ya kifua, mzee. Karibu na wewe, nasikia unakohoa."

Alikwenda zake upesi. Nikizubaa, mwiko wa ugali ulinipata kwenye mkono: "Kiwiko ndani! Umekiacha wazi, huo ni mlango wa kanisa?" Lakini zaidi ya ngumi na mateke ulinifundisha kutoa pumzi yote, mpaka tone la mwisho, kabla ya kuvuta nyingine. Ulisema mwenye pumu anakosea kung'ang'ania ile kidogo aliyonayo. Baridi ya pili nilikwenda shule mbio. Uliniona kutoka kibarazani, ukaingia ndani, na niliporudi macho yako yalikuwa mekundu ukasingizia moshi.

Sijaacha hata asubuhi moja tangu hapo, labda siku za kulazwa. Nilimzika mke wangu kwa pumzi hiyo. Nimekaa na madeni ya moyo, na hasira, na uzee huu wa magoti, nikitoa kwanza, ndipo navuta. Asante, Shangazi. Nasema asante na naona neno lenyewe ni dogo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu.

Unakumbuka Mwanjelwa, kule Mbeya, nilipokuwa seremala, na vijana kama kumi wakifanya mazoezi nyuma ya karakana yangu. Ulikuja kunitembelea na kikapu chako cha viazi, ukakaa kwenye benchi unamenya. Siku hiyo alikuja yule Mjapani aliyekuwa akifundisha ufundi mjini. Alinitazama nikifanya mfululizo mzima, ule wanaouita kata, akainamisha kichwa upande, kisha akatabasamu. Ilikuwa sahihi, alisema, ila imegeuzwa. Kulia kwangu kulipaswa kuwa kushoto, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Nilielewa palepale. Ulikuwa umekaa ukimwelekea mumeo. Mkono wake wa kulia ulikuwa upande wako wa kushoto, na wewe ulichukua ulichokiona.

"Nani alikufundisha?" akaniuliza.

Vijana wote walinigeukia. Na wewe uliinua macho kutoka kwenye viazi. Nilikuwa na pumzi ya kutosha, Shangazi, uliyonipa mwenyewe, na kwa pumzi hiyo nikasema, "Mume wa shangazi yangu huyu. Alikuwa askari."

Mjapani akakuinamia, mjane wa mwalimu. Ukasimama, ukaweka kisu chini, ukamwinamia pia. "Ndiyo," ukasema. "Marehemu ndiye aliyemfundisha."

Ulidanganya ili nisiaibike. Jioni tukiwa tunakula ukaniambia, "Umesema vizuri, baba. Wasingekuelewa." Nikaendelea kula. Ulirudi Iringa kesho yake, na miaka ikapita, nikaja kukuzika bila kuligusa jambo lile. Niliona haya kwamba nilifundishwa na mwanamke mwenye mwiko. Haya hiyo ndiyo ninayoionea haya leo.

Nilipohamia Kihesa, hapa Iringa, uongo ukakua. Vijana walipata picha ya mumeo, wakaitundika ukutani, na kila mazoezi yanaanza kwa kumwinamia mtu ambaye hakunijua. Wiki iliyopita binti mmoja, mwembamba, mkali wa mateke kuliko kaka zake, aliitazama picha akaniuliza, "Babu, hivi zamani kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anajua haya mambo?"

Nikamjibu, "Hapana." Neno moja tu, na likanitoka kirahisi sana. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama mstari wa nyuma.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ulinipa uhai, nami nimekukana mara mbili, na ya pili nimemnyang'anya na yule mtoto mfano wa kufuata. Kwa hiyo barua hii si yako peke yako. Jumamosi nitaisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi wote, na binti yule nitamwomba aje asimame mbele. Picha yako hatuna. Hakuna aliyewahi kukupiga picha. Itabidi wanisikilize mimi.

Nitawaambia hukufundishwa na mtu. Nitawaambia ulijifunza mwenyewe, huku unafanya kazi, kutoka kwa mtu aliyekwambia hayakuhusu. Na nitawaambia jina ambalo sikuwahi kukuita ukiwa hai, hata siku moja, hata tulipokuwa wawili tu uani.

Pumzika, Mwalimu.

Mwana wa kaka yako,
mwanafunzi wako.