Gemu la Kumkalisha Baba

Ipinda,
10 Februari 2025

Kwa mkamwana wangu Tumaini,

Mwagonile, mwanangu. Natumaini u mzima huko Kyela, na kama Daniel bado yuko njiani na lori lake, Mungu amrudishe salama. Sisi huku ni wazima isipokuwa mguu wangu, ambao habari zake unazo. Niliteleza kwenye tuta la jaruba nikiwa nimebeba miche ya mpunga; mguu ukabaki kwenye tope, mimi nikaenda. Daktari amenifunga plasta ngumu kutoka pajani mpaka kisigino na kuniamuru nisiukanyagie kwa wiki kumi. Wiki kumi! Nimemwambia mimi si gunia. Akasema nikikanyaga kabla ya wakati mfupa utahama, na ukihama nitachechemea mpaka nazikwa.

Leo ni siku ya tisa. Nimeshagombana na Mama yenu, na Kisa, na jogoo. Jana nilifika mlangoni kwa kuruka na mguu mmoja, wakanikamata. Watu wanapalilia bila mimi, na kwa jinsi ninavyosikia majembe kutoka hapa kitandani, wanapalilia vibaya.

Najua si kawaida yetu Wanyakyusa baba mkwe kumwandikia mkamwana. Huu ni mwaka wa nne tangu uolewe, na sijawahi kukutazama usoni, wala wewe mimi. Nikisikia unakuja napitia nyuma ya migomba, kama wazee walivyotufundisha. Hiyo kutila yetu siivunji, na kwenye simu siwezi kukusemesha. Lakini karatasi haina uso. Mama yenu anasema kazi yako ni kutengeneza simu na kuwawekea watu magemu, na kwamba ukimtazama mtu tu unajua gemu lake. Simu yangu nampa Nsajigwa, yule wa bodaboda anayeleta mikate. Weka kitu cha kunikalisha. Wewe hutanitazama, basi nakuambia mwenyewe: mimi ni mtu wa haraka.

Baba mkwe wako,
Ambokile


Kyela,
12 Februari 2025

Shikamoo Baba,

Pole sana na mguu. Mimi mzima, Daniel naye mzima, amenipigia jana kutoka mpakani. Barua yako niliisoma nimesimama nyuma ya meza ya kazi, na mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni baba mkwe ameniandikia, naye akasimama.

Daniel ana wasiwasi. Anasema tangu azaliwe hajawahi kukuona umekaa mpaka chai ikapoa. Amenisihi: Tumaini, baba akiuharibu ule mguu hatavumilia kuwa mlemavu, atatumaliza wote. Kwa hiyo hili nalichukua kama kazi kweli.

Kwa vile umesema u mtu wa haraka, nimeweka mpira. Kuna timu mbili, vidole gumba viwili, na mashabiki wanapiga kelele. Wateja wangu wasiotulia wengi hulipenda hilo. Anza na ngazi ya kwanza, tafadhali.

Msalimie Mama, na wifi yangu Kisa.

Mkamwana wako,
Tumaini


Ipinda,
19 Februari 2025

Mkamwana,

Mwagonile. Mimi ni mzima wa hasira.

Sikuanza na ngazi ya kwanza. Ngazi ya kwanza ni ya watoto. Nimefungwa mabao kumi na moja, na mawili nimejifunga mwenyewe kwa sababu vidole vyangu ni vya jembe. Kimoja kinafunika mabeki wote. Mtangazaji anapayuka kama mlevi. Nikabonyeza kila kitu, mpira ukapotea, likaja lile la peremende za rangi ambalo nadhani uliweka kama akiba. Peremende nimezipanga asubuhi nzima. Kila nikizipanga linaniambia nimefanya vizuri sana. Nani kaliuliza? Nilipanga ovyo makusudi, likanisifu vilevile. Sitaki kusifiwa na peremende.

Jana nimesimama kidogo kwa kushika dirisha. Mama yenu amelia. Tafuta kingine.

Baba mkwe,
Ambokile


Kyela,
21 Februari 2025

Shikamoo Baba,

Nimesoma kuhusu dirisha. Tafadhali usirudie. Nakuomba kama mtoto wako.

Kosa ni langu. Nilikupa gemu la mtu wa haraka, kumbe wewe una haraka ya kazi, si ya vidole. Nimekuwekea la shamba: unalima, unapanda, unavuna, hakuna anayekukimbiza. Na la magari nimeliongeza kwa ajili ya jioni. Niandikie kila kitu, hata matusi, maana bila kujua kinachokukera siwezi kujua kinachokufaa. Wateja wengi wanajua tu wanachokataa, na hapo ndipo ninapoanzia.

Mkamwana wako,
Tumaini


Ipinda,
3 Machi 2025

Mkamwana,

Mwagonile. Umesema matusi yanaruhusiwa.

Shamba la kwenye simu yako ni la uongo. Mahindi yameiva kabla sijamaliza kukohoa. Hakuna ndege, hakuna mafuriko, hakuna jirani anayesogeza mpaka. Nikauliza moyoni, sasa huyu anayelima hapa anaogopa nini? Na mtu asiyeogopa kitu, anaamka asubuhi kwa ajili gani? Nililiacha, na shamba likaniandikia kwamba ng'ombe wananikumbuka.

Magari nimeyapenda nusu siku. Lakini naendesha polepole kwenye kona, kama inavyotakiwa, na wote wananipita. Wale madereva wangekufa siku ya kwanza wakipita barabara ya kwenda Matema na mvua hizi.

Sasa nasema kweli. Usiku na mchana ninachofanya ni kusikiliza. Nasikia wenzangu wakibishana barabarani, kicheko, mtu anamwambia mwenzake wewe huna akili. Mimi hakuna anayenibishia. Kila mtu ananiambia pole. Nimechoka na pole. Alhamisi natoka, hata kwa kutambaa.

Ambokile


Kyela,
4 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Nimemwambia Nsajigwa aendeshe kama wale madereva wa gemu la magari ili barua hii ifike kabla ya Alhamisi.

Barua yako ya jana imenifungua macho. Nilikuwa natafuta gemu la kukutuliza, na wewe unatafuta mtu wa kukubishia. Nimekuwekea drafti, ile ile mnayocheza na visoda pale kwenye duka la Sylvester, ila huchezi na mashine. Unacheza na mtu mwingine mwenye simu yake. Nimekutafutia mmoja anayejiita Mbasa. Ukicheza, naye huko aliko anaona, anajibu. Simjui vizuri, ila nasikia hana huruma. Kuna sehemu ya kuandikiana maneno mafupi.

Jaribu hili kabla ya kutambaa.

Mkamwana wako,
Tumaini


Ipinda,
14 Machi 2025

Mkamwana wangu Tumaini,

Mwagonile, mwagonile sana! Huku tuko wazima, na mguu sijui, sijauwaza.

Huyu Mbasa ni mtu wa wapi? Ana kiburi! Siku ya kwanza amenila kete zote nikabaki na mbili, kisha akaniandikia: "Nenda ukapalilie." Mimi! Sikulala. Asubuhi nimemsubiri mpaka saa tatu, sijui kazi gani inamchelewesha. Nikampiga moja. Akasema imeponyoka. Imeponyoka wapi? Nimempiga ya pili ili ajue.

Anacheza kwa kujificha, huyo. Anaacha upande mmoja unaonekana mtupu, ukiingia anakufunga. Nadhani ni mtu wa Ikombe, mvuvi. Ni mvumilivu kupita kiasi. Chai imepoa mara mbili leo. Mama yenu amepita mlangoni taratibu kama anapita karibu na mtoto aliyelala, nikamwambia apite tu, siko mgonjwa, niko vitani.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Zimebaki wiki nne na zitapita.

Baba mkwe wako,
Ambokile


Ipinda,
30 Machi 2025

Mkamwana,

Mwagonile. Hali si nzuri. Mbasa amenipiga siku nne mfululizo. Sijui amekula nini. Jana nilikuwa na kingi mbili na bado akanimaliza. Nimeanza kufikiri kwamba akili nayo imevunjika, si mguu tu. Pengine ni uzee.

Simu nimeiweka mbali leo. Mvua imekatika na nasikia wanafukuza ndege kwenye mpunga. Mguu siuhisi ukiuma tena. Daktari ni mwoga tu. Mama yenu kesho kutwa anakwenda Ikombe kununua vyungu na atalala huko. Kisa atakuwa shambani.

Nakusalimu.

Ambokile


Kyela,
12 Aprili 2025

Shikamoo Baba,

Leo ndiyo siku ambayo plasta ingetolewa, na badala yake uko wodini na vyuma mguuni. Wanasema operesheni imekwenda salama. Nashukuru Mungu, lakini sina raha. Kisa anasema huongei, na barua hii huenda usiifungue. Naiandika hivyo hivyo kwa sababu una haki ya kusikia kutoka kwangu.

Mbasa ni mimi.

Sikupata mtu mwingine. Nilijaribu wateja wawili. Mmoja alikuwa anakuachia, mwingine anatoka katikati ya mchezo. Nikafungua jina na kuanza mwenyewe. Nilijiambia kioo cha simu ni kama karatasi, hakina uso. Lakini moyoni nilijua kwamba nimekaa ubaoni na baba mkwe wangu, nikamwambia akapalilie. Nisamehe.

Siku ile, tarehe mbili, ulinila kete tatu kwa mpigo mmoja. Nikacheza yangu, nikasubiri ya kwako. Haikuja. Wewe huachi mchezo unaoshinda. Mama nilijua yuko Ikombe. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Nikafunga kibanda mteja akiwa bado ndani, nikamkuta Nsajigwa.

Tulikukuta sakafuni, na mguu umekaa vibaya. Uliposikia sauti yangu ulivuta shuka ukajifunika uso. Mimi nilijitanda khanga mpaka nikawa naona kwa tundu dogo. Nsajigwa alishika miguu, mimi nikakushika kwapani. Kwenye bajaji dereva aliuliza kwa nini tunapeleka maiti hospitali, nawe ukamjibu chini ya shuka kwamba maiti ni yeye. Nilicheka, Baba, huku nalia. Nisamehe na hilo.

Nimekugusa. Nimevunja kutila, na ningeivunja tena.

Mkamwana wako,
Tumaini


Kyela,
6 Mei 2025

Shikamoo Baba,

Nimesikia umerudi nyumbani. Hujambo? Unakula? Daniel yupo, anasema umemjibu maneno matatu tu. Barua ya Aprili sijui kama ilikufikia. Kila Nsajigwa akipita natoka nje, naye anatikisa kichwa kabla hajasimama. Leo nimeweka betri ya mtu kichwa chini.

Siombi jibu refu. Hata la matusi litanitosha.

Mkamwana wako,
Tumaini


Ipinda,
28 Mei 2025

Mkamwana,

Mwagonile. Barua zako zote mbili zilifika.

Mfupa ulihama. Wameurudisha, lakini mguu umepungua urefu, na nitachechemea. Majaruba nimewakabidhi Kisa na mumewe. Hayo ndiyo yaliyopo.

Watu wote wanadhani niliamka kwenda kutazama shamba, nami nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu kweli yake inatia aibu. Sikwenda shamba. Nilikuwa nimelala na simu. Nimepigwa siku nne, nimeirudia ile simu kwa shingo upande, na ghafla naona njia: kete moja, ya pili, ya tatu, zote zimepangana zikinisubiri. Nikala. Nikaruka! Niliruka kwa miguu miwili, Tumaini, nikapiga kelele, nikitaka kumwonyesha mtu, na nyumba ilikuwa tupu. Ndipo nikaanguka.

Hapa kitandani nimeupanga ule mchezo upya kwa visoda, tangu mwanzo. Mbasa ninayemjua haachi kona ile wazi. Siku ile aliiacha.

Nakuuliza jambo moja, nijibu kama mtu anayeniheshimu. Hukuiona, au uliniachia?

Ambokile


Kyela,
1 Juni 2025

Shikamoo Baba,

Nimeandika barua tatu za kusema sikuiona, nimezichana.

Nilikuachia. Uliandika kwamba unafikiri ni uzee, kwamba simu umeiweka mbali, kwamba daktari ni mwoga. Zilikuwa zimebaki siku kumi tu. Niliogopa ukishindwa tena utaamka. Nikafungua kona, nikapanga kete zangu tatu ili uzile, nikatabasamu peke yangu hapa kibandani kwa kuwa nilidhani nimekuokoa. Kazi yangu ni kumpimia mtu gemu linalomfaa, na wewe nilikupimia chini ya uwezo wako.

Kwa kucheza nawe nilikuomba msamaha. Kwa kukubeba siombi. Hili naomba, na sijui kama linaombeka. Ule mguu naufikiria kila nikifungua macho.

Mkamwana wako,
Tumaini


Ipinda,
9 Juni 2025

Tumaini,

Mwagonile. Mimi sijalala vizuri, na sababu ni wewe.

Barua yako niliitupa chini ya kitanda, kisha ikabidi nimwite Kisa aitoe maana siwezi kuinama. Nimekasirika, sikufichi. Si kwa ajili ya mguu. Huo niliukanyagia mwenyewe. Ni ile furaha. Sikumbuki mara ya mwisho niliruka lini, na hiyo moja kumbe ulinipikia. Mtu wa umri wangu, na mguu huu, anaonewa huruma na mkewe, na watoto, na daktari. Nilidhani kuna Mbasa peke yake duniani asiyenihurumia.

Lakini ungeweza kuniambia hukuiona, ningeamini kwa sababu nilitaka kuamini. Ndaga kwa kutonidanganya.

Habari ya kubebwa usiitaje tena. Uso wangu ulifunikwa, na wa kwako sikuuona, na kutila itabaki palepale. Daniel anasema mnakuja Jumapili baada ya ibada. Njooni. Mimi nitakaa chumbani kwangu kama kawaida na mlango utafungwa. Asije mtu kunibembeleza nitoke.

Wanawake wakimaliza kuosha vyombo, ukikaa jikoni, fungua simu yako. Kete nyeusi ni zangu. Ukiniachia hata moja nitajua.

Baba