Kibuyu cha Mbegu za Mama

Zombe,
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa Kaka Mwau,

Pokea salamu zangu. Sisi tu wazima, na natumaini kazi ya hotelini hapo Mtito Andei inaendelea vizuri na kile kikohozi kimekuachilia. Ningepiga simu, lakini kwenye simu mimi huishia kusema ndiyo tu, na nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kwenye karatasi nitaweza.

Kwanza habari njema. Mvua imenyesha mara mbili. Baba amejifunza kupika muthokoi. Mahindi ya ule wa kwanza yalikuwa magumu hata kuku waliyaacha, akasema kuku wetu wana maringo. Tulicheka, Kaka, mara ya kwanza tangu tumzike Mama mwezi wa Mei.

Kinachomuumiza Baba ni zile ndengu za mbegu. Unakumbuka Mama alivyochagua mbegu moja moja, akazichanganya na majivu na kuziba kibuyu kwa gunzi. Wakati wa kupanda ulipofika, kibuyu hakikuonekana. Baba alisema aliyefagia jikoni baada ya mazishi ni Shangazi Kalekye peke yake. Shangazi akajibu kwamba yeye si panya, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu. Huyo ndiye aliyekuwa akinisuka kila Jumamosi na kuniacha nilie hadi nitosheke.

Kaka, kibuyu kiko kwenye sanduku langu la vitabu. Nilikichukua siku ya mazishi. Kila nikitoka shuleni hutia mkono ndani na kuyashika majivu aliyoyatia Mama. Niliogopa kwamba zikipandwa hatutabaki na kitu chake. Leo baada ya kanisa nimekuta mbegu nne zimetobolewa na wadudu. Mama angeniona angeniuliza kama mwaka ujao tutakula vitabu vyangu.

Jumatatu.

Barua niliiacha hapo jana, nikampelekea Baba kibuyu. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema twende kwa dada yake sasa hivi. Nilisema yote nikitazama viatu vyangu. Shangazi alinigombeza kwamba nimemfanya mwizi mbele ya watu, akamgeukia Baba na kumwambia kwamba yeye ni mtu mzima na amekuwa mjinga kuliko mtoto. Baba aliomba msamaha. Nami niliomba. Halafu Shangazi akatia mkono kibuyuni, akauacha humo, na tukalia wote watatu.

Leo asubuhi kabla ya shule tumepanda. Baba na Shangazi walichimba, wakibishana kuhusu mistari, nami nikafuata nikidondosha mbegu. Kibuyu nimekitundika jikoni, mahali pake.

Shangazi anakusalimu, na anasema Desemba uje na jembe. Zile mbegu nne zilizotobolewa nimekuwekea kwenye bahasha. Hazitaota, lakini bado zina majivu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mbinya