Siku Niliyoshuhudia Nimepona

Karagita, Naivasha
Jumapili

Kwa Mama mpendwa,

Chamgei, Mama! Uko aje huko Keringet? Kifua cha Baba kimetulia? Viazi mlishachimba? Mimi huku napumua, nashukuru Mungu. Usishtuke kupata barua siku hizi za simu. Ni vile nikipiga unaweka spika shangazi Chepkemoi na wamama wote wasikie, na haya maneno ni yako peke yako. Nimempatia Kipyegon wa jirani akuletee.

Kazi inaendelea, bado napanga maua kwa urefu, tunasimama kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Cate, yule tulikuwa tunakaa na yeye, alihamia Salgaa kuuza chakula. Sasa chumba ni mimi na jiko. Kuna wikendi inaisha sijaongea na mtu, Jumatatu nikisalimia watu sauti inatoka kama ya jogoo mgonjwa. Usicheke!

Sasa, Mama. Baada ya oparesheni ya tumbo pale Nakuru daktari alisema nirudi baada ya wiki sita. Sikurudi. Mlikuwa mmeshaita kanisa, mkachinja kondoo, nikasimama mbele nikashuhudia nimepona kabisa. Pasta akasema huo ugonjwa umekwenda na hautarudi. Nikajiuliza, nikionekana kwa foleni ya kliniki, si watasema nina shaka na Mungu? Ile kadi ya kliniki nikaichoma.

Mwezi jana nilianguka kazini, katikati ya maua! Supavaisa wetu, Waithera, aliuliza kama nimekunywa. Alipoona vile nimejikunja akanitoa nje, akanishikilia mpaka nikamaliza kutapika. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kwa simu, hata nikiwa chooni. Mama, kumbe hii endometriosis, huu ugonjwa wangu wa tumbo la uzazi, haing'olewi mara moja ikaisha kama jino! Inaweza kuota tena, inataka kufuatwa. Nikachora kalenda, siku mbaya nikazipaka nyekundu.

Wiki iliyopita nikaenda Nakuru. Nilikuwa nimejipanga kugombezwa juu ya kadi, lakini nesi akaniandikia ingine, akasema pole msichana wangu, wengi hurudi hivi. Daktari akaangalia kalenda yangu, akauliza ni nani alinifundisha. Nikasema ni mimi mwenyewe. Weh, nilijiskia mkubwa! Nimepigwa skani, ameniandikia dawa, na nitakuwa narudi kila miezi tatu, labda kwa miaka mingi. Mambo ya kuzaa hajaniambia ndio wala hapana. Hiyo nilitoka nayo peke yangu mpaka stendi.

Lakini kuna kitu imenikalia roho zaidi. Siku ile ya ushuhuda sikuwa nimepona. Watu waliona nimeshikilia mimbari natetemeka, wakasema ni Roho. Ilikuwa uchungu, Mama. Nilitaka kusema. Halafu nikakuona unacheza pale mbele na leso kichwani, na tangu nianze kuugua sikuwa nimekuona ukicheza. Nikasema nimepona.

Nesi aliniambia niandike mtu wa kuitwa nikizidiwa. Niliacha hapo wazi.

Alhamisi, tarehe kumi na nne, nachukua majibu ya skani. Nitakuwa hapo kliniki kutoka saa mbili. Usikuje na watu wa kanisa. Kuja wewe.

Salimia Baba, mwambie nampenda. Shangazi pia, na Mungu awalinde wote.

Ni mimi mtoto wako,
Jerop