Joka Lililozuiliwa Darajani

Jumapili, Rusumo. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimenuna vilevile.

Leo nimelijaribu kwa mara ya tatu lile gemu langu la mezani la wafalme, mapanga na majoka, ambalo kila mchezaji huigiza shujaa wake na kurusha dadu. Mara mbili za mwanzo wachezaji walinikimbia wakaenda kucheza karata. Mke wangu Edina, ambaye anauza maandazi, alishatoa onyo: wakiondoka tena leo, daftari langu la sheria za gemu atalichana afungie maandazi. Na huyo mama hatishii bure.

Daftari hilo ni mwaka mzima wa maisha yangu.

Nikiri jambo. Kurasa kumi na moja nimeandika moto wa joka peke yake: unavyochoma ngao, unavyochoma farasi, hata unavyochoma nyasi mbichi wakati wa mvua. Kuhusu daraja kati ya falme mbili niliandika mstari mmoja tu: "Mlinzi akague mizigo."

Nilisahau nacheza na nani.

Jeneroza ni wakala wa forodha, tunakaa ofisi moja. Mzee Baltazari ameifanya kazi hiyo hiyo mpaka akastaafu. Shujaa wa mzee alipofika darajani akasimama, hasogei. Kumbe anasubiri mlinzi amwamkie! Mlinzi namwigiza mimi, na mimi ni rika la mwanawe. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaomba fomu.

Hapo ndipo nilipopotea. Jeneroza akataka kujua upanga unapita tu au unabaki nchini. Farasi je, ana cheti cha chanjo? Wakachana karatasi za nyuma ya daftari langu, wakaanza kujaza. Saa nzima dadu haijarushwa, na joka langu liko ng'ambo linasubiri mtu wa kumchoma. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Edina akaja na chai. Nikajua amefuata daftari. Lakini alisimama, akasikiliza, akauliza:

"Baba Neema, na hilo joka lenyewe liliingiaje? Nani alilipitisha?"

Nikapekua daftari. Katika kurasa zote zile, hakuna sheria ya joka kuvuka mpaka.

Jeneroza akapiga meza kwa furaha. Mnyama hai, hana cheti, tena amebeba moto! Joka likazuiliwa darajani hadi nyaraka zikamilike. Mzee Baltazari akasema analigonga muhuri mgongoni. Falme zote mbili zimeokoka na hakuna aliyechomoa upanga.

Na hakuna aliyekwenda kwenye karata. Wameondoka jioni hii wakibishana hadi barabarani, wakiniuliza Jumapili ijayo tunaanza saa ngapi.

Nimefurahi, lakini moto wangu unaniuma. Kurasa kumi na moja jamani!

Daftari halijafungia andazi hata moja. Edina yuko nalo jikoni, anaandika. Nimechungulia: ni rufaa ya joka, na wakili wake ni yeye.

Nimemwomba anirudishie. Amesema nisubiri nje, ana mteja.