Ile Bunduki ya Juu ya Meko

Twyla, upo? Ngoja nikusimulie.

Si unajua nilienda West Virginia kuchukua zile bunduki tatu alizoniachia marehemu baba. Kabla sijaondoka kule nikamuuliza kaka yangu Verlin, nikamuuliza tena: "Umetoa risasi zote?" Akanijibu, "Wewe dada, usinifundishe kazi. Zote."

Nikazifungia kwenye buti la gari kwa kufuli, risasi kwenye sanduku lake mbali, kama sheria inavyotaka. Nimeendesha mpaka huku Maryland utadhani nimebeba mayai.

Nikazipeleka dukani kwa fundi wa bunduki azikague. Mbili safi. Akafungua ile kuukuu iliyokuwa ukutani kwa wazazi, juu ya meko ya kuotea moto. Halafu akaniambia polepole, "Mama, hebu sogea nyuma."

Ilikuwa na risasi. Twyla, ilikuwa na risasi ndani, njia nzima.

Nikampigia Verlin, nimefura. Unajua alisema nini? "Ile? Ile si pambo? Nani anakagua pambo?"

Pambo. Kila Krismasi tulikuwa tunatundika soksi zetu za kutiliwa zawadi kwenye mtutu wa hilo pambo, na asubuhi tunazivuta kama wehu tupate peremende.

Nikaona nimpigie mama, angalau yeye atamkanya mwanawe. Hata hakushtuka. Akasema, "Baba yenu hakuona maana ya bunduki tupu. Kwani mlidhani nilikuwa nawagombeza bure msivute zile soksi?"