Sukari ya Teramene

Wifi yangu Filomiz,

Sisi wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Kaka yako Teramene amefia gerezani Ufaransa, kwa baridi. Wafaransa walitutangazia kwamba amesalimu amri, anataka turudi kukata miwa yao. Nusura niamini. Lakini baharia mmoja ameniletea mfuko wa kaka yako, umejaa sukari aliyokuwa akipewa gerezani. Hakulamba hata chembe! Unakumbuka alivyowaapia wapiganaji wake: "Sionji sukari mpaka watumwa wote wa kisiwa hiki wawe huru."

Nikamwambia baharia, "Huyo ndiye mume wangu, mbishi mpaka kufa!" Nikalia, nikacheka.

Juzi tumeshinda vita, utumwa umekwisha. Leo nimeikoroga sukari yake kwenye kahawa. Tamu, wifi! Nimekubakishia nusu. Njoo tummalizie.

Wifi yako,
Oreli